Mume wangu aliitazama The Great Indian Kitchen, kisha akanipa sahani yake. Nyinyi mliongea vipi nyumbani?

Mama Wawili, Umoja
Jumapili, saa nne usiku

Hamjambo ndugu zangu. Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala, na nina swali lililonikaa kifuani tangu Ijumaa. Mnivumilie, ni refu.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ndiye aliyenitajia hii filamu. Akaniambia, "Usiitazame peke yako, itazame na baba watoto." Ni ya India lakini si zile za kuimba na kukimbizana bustanini tulizokua nazo. Ni ya mwaka 2021, imeongozwa na Jeo Baby, na lugha yake ni Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala kule kusini. Bibi harusi ameigizwa na Nimisha Sajayan na bwana harusi na Suraj Venjaramoodu, na majina yao wenyewe humo ndani hayatajwi mwanzo hadi mwisho. Ni mke na mume, basi.

Hakuna kupigana, hakuna ulevi, hakuna mpango wa kando. Mke anakatakata mboga, anakuna nazi, anakaanga, anaandaa, anaondoa vyombo, anaosha, anafagia, anapiga deki, na kukicha anaanza tena kukuna nazi. Kamera imekaa usawa wa mikono yake. Baada ya nusu saa mgongo ulianza kuniuma mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kochi.

Baba mkwe hapigi kelele. Anasema kwa upole kwamba wali uliopikwa kwa kuni ndio wali. Nguo zake zifuliwe kwa mkono, na mashine ya kufulia ipo pale pale. Chatini isagwe kwenye jiwe, blenda inaharibu ladha. Asubuhi mama mkwe anampelekea mswaki mkononi, ukiwa umeshapakwa dawa. Na huyo mama ana digrii ya uzamili! Aliambiwa zamani kwamba kukaa nyumbani ndiyo heshima, akakaa. Upole wa yule mzee uliniumiza kuliko kama angefoka, kwa sababu mtu akifoka una la kumjibu.

Halafu kuna sinki. Paipu ya chini inavuja, mke anamwambia mume amwite fundi, mume anasema sawa, anasahau. Anamwambia tena. Anasahau tena. Mke anaweka ndoo, anamwaga maji machafu, anafunga gunia chini, ananusa mikono yake usiku kabla ya kulala. Pale nilisimamisha filamu nikaenda kuchukua maji ya kunywa, lakini kusema kweli nilienda kulia kidogo.

Sinki yangu inavuja tangu Aprili. Chini yake nimeweka ndoo ya rangi ya lita nne. Inajaa kwa siku moja na nusu nikipika ugali na mboga tu, na kwa siku moja nikipika maharagwe. Maji yake yana utando wa mafuta juu, na punje za wali zimevimba kwa chini kama mabuu. Nikichelewa kuimwaga, ubao wa kabati unalowa, na sasa umeanza kubonyea ukiugusa kwa kidole. Nimemwambia baba watoto nafikiri mara sita. Kila mara anajibu vizuri: "Sawa mama, nitashughulikia."

Basi filamu ikaisha. Alikuwa ametazama yote, hakushika simu, na hilo nampa heshima yake. Akatikisa kichwa akasema, "Hawa Wahindi wana shida kweli. Mtu anatesaje mke hivyo?" Akaniinulia sahani aliyokuwa amelia chapati na ndengu. Nikaipokea. Mkono wangu uliipokea kabla sijawaza. Nikasimama nayo pale mlangoni mwa jikoni, sikujua nirudi au niingie.

Kesho yake, Jumamosi, nilijitazama kama ninavyomtazama yule mwanamke. Saa kumi na moja niko macho kwa sababu huku kwetu maji ya mfereji huja alfajiri, ukilala umeyakosa. Nikajaza mitungi sita. Uji. Nguo za shule, soksi kwa mkono. Mutindwa kununua mboga za wiki, kurudi, kuchambua, kukatakata, kuchemsha maharagwe ya kuweka kwenye friji. Saa nane ndipo nilipokaa chini, nikanywa chai iliyopoa. Na siku za kazi naweka hesabu za duka la vipuri Kirinyaga Road, naingia saa mbili kamili. Karo ya watoto natoa mimi. Nyumba analipa yeye.

Msije mkaniambia niondoke. Si mtu mbaya. Hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, mamangu akiumwa ndiye wa kwanza kutuma pesa. Lakini nina kijana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa minane. Kuna mahali karibu na mwisho, mke amerudi kwao, kakake anaingia na kuomba maji, mdogo wao wa kike anainuka kumletea. Yule mke anamfokea kakake ajichotee mwenyewe. Wangu waliokuwa wanachungulia mlangoni walitazamana. Nikajua wamejiona.

Swali langu ni hili. Mlioitazama na waume zenu, mlianza vipi hayo mazungumzo? Nikimwambia "wewe ni yule mume", ataona nimemtukana. Nikinyamaza, nitaimwaga ndoo hadi lini?

---

Mwenye Boma, Kayole
Jumapili, saa tano kasoro

Dada, pole kwa uchovu, lakini hii filamu inaleta fitina kwenye nyumba za watu. Kila jamii ina mila zake. Mamangu alipika kwa kuni maisha yake yote na hakuna siku alisema anateswa, jikoni palikuwa pake na baba hakuthubutu kuingia. Mumeo anahangaika mjini kulipa nyumba. Sasa umwambie nini, kwamba sahani imekuwa dhambi? Mwite fundi wewe mwenyewe, mambo yaishe. Na pia wametukana dini ya watu mle ndani.

---

Fundi wa Bomba, Kariobangi
Jumatatu, saa mbili asubuhi

Mama Wawili, nimesoma yote nikiwa kazini. Filamu sijaitazama, ila sinki naijua.

Kama maji yanatoka pale kwenye kile kikombe cha chini, tisini kwa mia ni raba imekauka au imekaa upande. Weka beseni, shika ile kofia ya chini uizungushe kwa mkono, bila spana. Toa uchafu wote, angalia raba. Ikiwa imepasuka au imekuwa ngumu kama plastiki, ibebe hivyo hivyo hadi duka la vifaa, wakupe ya saizi hiyo. Watu huzungusha ile tepu nyeupe pale wakidhani itasaidia. Si mahali pake, pale kinachozuia maji ni raba. Irudishe, kaza kwa mkono, fungulia maji, pitisha tishu kavu chini uone kama italowa. Ni kazi ya dakika kumi na tano.

Lakini nikwambie ninachokiona. Nikiitwa nyumba za watu, anayenifungulia mlango ni mama. Anayenionyesha ni mama, na ukimuuliza ilianza lini atakutajia hadi siku. Kabati limeoza, kuna ndoo, kuna matambara. Nikimaliza, baba anatoka chumbani kuuliza bei, na kila mara anasema, "Kwani ilikuwa kubwa hivyo?" Hakuwahi kuinama pale. Macho yake hayajawahi kufika chini ya sinki.

Kwa hivyo kama ni mimi, singeirekebisha wala singemwita fundi. Ningemwambia mzee ainame aone.

---

Bi Mkubwa wa Pangani
Jumatatu, saa saba mchana

Mwanangu Mama Wawili, shikamoo nimeitikia hata kama hukuamkia. Mimi ni mtu mzima, nimepika kwenye nyumba ya Wahindi pale Parklands miaka 19, kwa hivyo hilo jiko mnalotazama kwenye kioo mimi nimesimama ndani yake.

Si watu wa Kerala, walikuwa Wagujarati, na chakula ni kingine. Lakini sikiliza. Pale chapati haiwekwi kwenye bakuli ikangoja. Wanaume wakishakaa, mama wa nyumba anasukuma moja, anaigeuza kwenye tawa, kisha anaitupa juu ya moto wenyewe ivimbe kama puto, anaipaka samli, inakwenda mezani ingali inapumua. Inayofuata hivyo hivyo. Moja kwa kila mtu, wakimaliza ya kwanza ya pili iwe imefika. Watu watano, chapati nne nne. Mimi nakanda na kusukuma, yeye anachoma. Jasho linamtiririka hadi kwenye bangili. Wakiinuka, yeye ndiye anakaa, na kwake zinabaki zile za mwisho zilizopoa kwa sababu hakuna wa kumchomea. Siku moja nilimwambia, mama kaa, leo nakuchomea wewe. Alikula mbili akanyamaza, machozi yakamlenga. Hatukulizungumza tena.

Sasa nina mawili ya kukwambia. La kwanza, Fundi ameongea vizuri lakini simfuati. Rekebisha hiyo sinki. Usilale na uvundo ili ushinde hoja. Maji machafu hayamfundishi mtu asiyeyanusa.

La pili ndilo zito. Mama yule aliweza kupumua saa za mchana kwa sababu nilikuwepo mimi. Na ya kwangu jioni nani alifanya? Msichana wangu wa miaka tisa. Nyinyi mnaofanya kazi mjini mkichoka mnaleta binti kutoka mashambani, mnasema nyumba imetulia. Mume bado hajagusa sahani, ila mkono wa kuiosha umebadilika. Mkimleta, mlipeni. Novemba 2024 kiwango cha chini cha mshahara wa kazi hiyo kwa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, na ninyi mnajua wangapi wanapokea nusu ya hiyo.

Na wewe Mwenye Boma, mwanangu, mama yako hakusema anateswa. Nani alimuuliza?

---

Binti wa Ngara
Jumatatu, saa kumi na moja jioni

Mimi ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake babu yangu alikuja wakati wa reli, na Kiswahili ndicho nilichochezea mtaani. Naomba ndugu zangu msitubebe wote kwenye gunia moja. Wengi wetu Kenya asili yetu ni Gujarat na Punjab. Kerala ni mbali kwetu kwa lugha na kwa chakula, hata mimi niliitazama kwa kusoma maandishi ya chini.

Ila Bi Mkubwa, ulichosema cha chapati, nimeketi nikakisoma mara tatu. Hiyo ni nyumba ya nyanya yangu. Tulimwita Ba. Sijawahi kumwona Ba akila chapati iliyovimba.

Na kuhusu dini, kaka Mwenye Boma, nieleze kwa sababu ni dini yangu. Ile sehemu mume na baba yake wanapovaa mavazi meusi na shanga ni nadhiri ya siku 41 ya kwenda kuhiji Sabarimala, hekalu la mungu Ayyappan kule Kerala. Wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walikuwa hawaruhusiwi. Septemba 2018 Mahakama ya Upeo ya India ikasema waruhusiwe, na Kerala ikawaka moto kwa maandamano. Filamu imewekwa kwenye siku hizo. Ndiyo maana mke akiwa kwenye hedhi anafungiwa chumba, analala chini, haruhusiwi kugusa kitu, na mume anapoanguka na pikipiki yake akamkimbilia kumwinua, anasukumwa. Mimi sikuona Mungu akitukanwa pale. Niliona mtu amekimbia kumsaidia mumewe akasukumwa.

Ba naye alikuwa haingii jikoni siku hizo. Ukimuuliza, alisema ndizo siku pekee alizokaa. Nikiwa mdogo nilidhani anazipenda. Siku hizi nikikumbuka hayo maneno nakosa usingizi.

Mama Wawili, kwangu nilianza na kitu kidogo. Nilimwambia mume wangu mimi sichomi moja moja tena, tutachoma zote, tuzifunike, tukae pamoja. Wiki ya kwanza alilalamika zimelainika. Wiki ya pili mama mkwe wangu ndiye alikuja akakaa mezani kabla ya kila mtu.

---

Karani, Donholm
Jumatatu, saa mbili usiku

Dada yangu, najua hutaki kuondoka na mimi sikuambii uondoke. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, naona wanawake wanaokuja wakiwa wamechelewa, kwa hivyo jua tu kilichoandikwa. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango wako kwenye mali, sawasawa na pesa kuwa mchango. Januari 2023 Mahakama ya Upeo ya hapa Kenya ikafafanua kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi, kila mtu anapata kulingana na mchango wake, na ule usio wa pesa unaingia kwenye hesabu. Tatizo ni kuuthibitisha. Nani ana risiti ya kumwaga ndoo?

India nao, mwezi huo huo filamu ilipotoka, Januari 2021, mahakama yao ya juu kabisa ilisema kazi ya mama wa nyumbani lazima ithaminiwe kwa pesa familia inapodai fidia ya ajali. Na takwimu za serikali yao za 2019 zilikuwa wazi: mwanamke anayefanya kazi za nyumbani zisizolipwa anatumia dakika 299 kwa siku, mwanamume anayezifanya dakika 97. Tena wanaozifanya ni karibu mmoja tu kati ya wanaume wanne.

Kerala ndilo jimbo linalosifika India kwa watu kusoma. Yule mume kwenye filamu ni mwalimu, tunamwona darasani akifundisha wasichana familia ni nini.

---

Mwenye Boma, Kayole
Jumatatu, saa tatu usiku

Bi Mkubwa, swali lako nimelichukua. Nimempigia mama simu. Nimemuuliza zile kuni alikuwa anaenda kuzitafuta wapi, maana nilikuwa nazikuta tu nyuma ya nyumba. Amenieleza kwa dakika arobaini. Sina la kuongeza leo.

---

Mama Wawili, Umoja
Jumatano, saa tano usiku

Asanteni sana wote. Bi Mkubwa shikamoo, na samahani kwa kutokuamkia.

Nimerudi na habari. Jana nilimwambia. Sikutaja filamu. Nilimwita jikoni nikamwambia, "Njoo uiname hapa, uone kitu." Akainama. Nikawasha tochi ya simu. Akaangalia ndoo, akabonyeza ule ubao, kidole kikaingia hadi kucha. Akasema hivyo hivyo alivyosema Fundi: "Kwani imekuwa kubwa hivi?" Nikamwambia naimwaga tangu Aprili. Akanyamaza. Leo jioni amekuja na raba mfukoni, wameifungua yeye na kijana, wamelowana wote wawili, na tishu imetoka kavu. Fundi, Mungu akubariki.

Nikadhani tumefika. Nikapika wali na samaki, tukala, nikamwambia kwa upole kwamba leo kila mtu apeleke sahani yake. Kijana akapeleka. Msichana akapeleka. Yeye akasema, "Ngoja taarifa ya habari iishe." Ikaisha, akaenda kulala. Sahani ikabaki mezani na miba yake. Sikuigusa. Jamani ilikuwa ngumu, nilipita pale mara nne, mkono unanyooka wenyewe naurudisha.

Sasa hivi nimesikia mlango wa watoto. Nimetoka, nimemkuta msichana wangu, miaka minane, na nguo ya kulalia, ameibeba kwa mikono miwili anaileta jikoni. Nimemuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa silali, mama. Nilikuwa najua iko pale."

Nimeishika hii sahani. Amesimama hapa ananitazama. Sijui niioshe au nifanye nini.

---

Bi Mkubwa wa Pangani
Jumatano, saa tano na dakika kumi usiku

Usiioshe, mwanangu. Mpe mkono, mrudi naye sebuleni, muiweke pale pale mezani alipoiacha baba yake, na miba yake. Kisha mpeleke akalale, ukae naye hadi usingizi umchukue. Mimi niko macho, niandikie.